Pete ya Kumi

Trekta hili lilikuja kwetu badala ya mshahara.
Miezi thelathini na minane baba aliidai kampuni,
siku moja wakamwambia: chukua chuma, tia sahihi.
Akatoka nalo Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga,
mwendo wa kinyonga,
watoto wa Kiswishi wakikimbia mbele yake
kana kwamba wao ndio wanaolivuta.

Ni la zamani. Liliundwa kabla mama hajavunja ungo.
Jina la ubavuni limelambwa na jua, zimebaki herufi mbili,
na pampu ya kuinulia inavuja:
ukipandisha plau, linakaa juu muda wa kupiga chafya,
kisha linashuka kama kope za mlevi,
linazama,
linazama,
mpaka injini inatema moshi mweusi na kusimama.

Baba akaleta mnyororo wa karakana,
akaufunga toka mgongoni mwa trekta hadi kwenye mikono ya plau,
plau lisishuke kupita mnyororo.
Akaniita nishuke na mimi, niweke shibiri mfuoni:
dole gumba kwenye mizizi ya majani,
kidole cha mwisho chini, palipo baridi.
Pete tisa, shibiri moja.
Pete kumi, shibiri na vidole viwili.
Kitabu hatuna. Tuna mkono wangu.

"Ngosa, ongeza pete."
Kila Novemba, mvua ya kwanza ikishanyesha.
"Ongeza moja tu."
Miaka ishirini na saba alishuka mgodini alfajiri
akapanda jioni;
kwake yeye, kitu cha maana hakikai juu.

Mwaka wa kwanza nilimtii. Pete kumi na mbili.
Plau likachomoa udongo ambao haukuwahi kuona jua,
mwekundu kama ufizi, wenye vijiwe vya kutu,
ukalala ubavu ukimeremeta,
nasi tukasimama kuushangaa.
Mahindi yaliota manjano, yakafika magotini,
yakaghairi.
Mama Chola, akienda zake na beseni la mihogo,
akatazama shamba, akamtazama baba:
"Mumezika chakula, mukafukua mufupa."
Mwaka ule bukari yetu ilikuwa ya unga wa kukopa.

Siku hizi kiti cha bati ni changu.
Sigeuki nyuma mara kwa mara, shingo haifai kitu.
Nasikiliza.
Injini ikianza kusema kwa sauti ya mtu
anayepanda kilima na gunia kichwani,
najua ncha imeuma mno.
Ikicheka ovyo, plau linakwaruza tu, linanyoa majani.
Katikati ya hizo mbili kuna mngurumo
ninaousikia kwa makalio kabla ya masikio;
huo ndio shibiri.

Hata hivyo shamba si meza.
Kwenye kichuguu tulichokisambaza, nateremka, nampa kumi:
pale mchwa walishatulimia miaka mingi kuliko sisi.
Palipokuwa tanuri la makala, saba,
ardhi ile bado ina kidonda.
Bondeni, kwenye maji, nane, na mguu mwepesi.

Baba anafuata nyuma, peku, ndani ya mfuo,
na kipande cha nondo mkononi.
Anachoma. Anapima. Anasukuma tena,
kupita plau lilipofika,
kisha anainama, anatia mkono hadi kifundo
na kuuacha humo.
Sijawahi kumwuliza anapapasa nini.

Leo asubuhi, kabla ya kutia mazutu,
nimehesabu mnyororo.
Kumi.
Ya mwisho ni ngeni, imefungwa kwa bolti,
na bolti imepakwa grisi vizuri, kifundi.
Nikaifungua. Nikaipangusa kwa khanga.
Yeye yuko kwenye moto, anakoroga chai,
anauliza mbona nimechelewa kuwasha.
"Baridi," namwambia.

Kwenye kopo la misumari, chini ya kiti,
sasa ziko tano.